Sauti ya Magdalena Kinywani mwa Silantoi

Silantoi Lesikar alizaliwa Sambasha, upande wa magharibi wa Mlima Meru, mahali ambapo asubuhi za mwezi wa saba mawingu hushuka hadi kwenye mahindi na ng'ombe huonekana miguu tu. Alikuja na kipaji ambacho hakuna aliyekiomba. Akikusikia mara mbili, mara ya tatu anaweza kuwa wewe. Alipokuwa na miaka tisa alijificha nyuma ya zizi akamwita kaka yake kwa sauti ya baba yao, na kaka akatoka mbio akaacha uji mezani. Alipokuwa na kumi na miwili alihubiri jikoni kwa sauti ya mchungaji wao wa usharika, pamoja na kikohozi chake, na mama yake akamchapa huku anacheka.

Mimi nilimfahamu akiwa mtu mzima, mke wa Frederick fundi ujenzi, mama wa mtoto mmoja, amepanga chumba Sombetini, mjini Arusha. Nilimwona mara ya kwanza siku alipoingia kwenye ukumbi wetu wa kufungia maua kule Nduruma. Jina langu ni Naisiae. Naisimulia habari yake bila kujitoa, kwa sababu katika sehemu yake mbaya nilikuwamo, na nilikuwa nacheka.

Shamba letu ni la waridi. Maua hukatwa alfajiri kwenye mabanda ya nailoni, yanaletwa ukumbini yakiwa bado na umande, na sisi tunasimama kwenye meza ndefu kutoa majani ya chini, kupima urefu wa mashina, kupanga ishirini ishirini, kufunga. Meza ni sita, kila moja watu wanane. Yangu ni Meza ya Nne. Mwisho wa kila meza husimama mkaguzi. Fungu lenye doa analirudisha. Yakiwa mazuri, yanaingia sandukuni na mkaguzi anagonga muhuri wake. Masanduku yanakwenda chumba cha baridi, halafu uwanja wa ndege, halafu Ulaya.

Mkaguzi wetu alikuwa Magdalena, mjane kutoka kijiji cha Akheri, umri wa miaka hamsini na kitu. Zamani alipasuliwa rovu shingoni, na tangu siku ile sauti yake ikatoka nyembamba, ya juu, kama bawaba isiyotiwa mafuta. Alikuwa mkali wa kazi bila kuwa mkali wa maneno. Akirudisha fungu alisema hivi kila mara: "Rudia, mwanangu. Hili lina ukungu. Si kosa lako, ni mvua." Hata kiangazi alisema ni mvua.

Mama Allen, mkubwa wetu pale mezani, alimpa jina la Filimbi.

Nikisema tulimchukia nitakuwa naongopa. Hatukumjua kiasi hicho. Lakini angalia: mezani pale tulikuwa Waarusha watatu, Wameru wawili, Wachaga wawili, na Zuhura wa Singida. Walutheri, Wakatoliki, na yeye Zuhura Mwislamu. Wengine ndugu zao walikuwa wanagombania mipaka ya mashamba. Kitu kimoja tu kilitukusanya, nacho ni Filimbi. Saa nne ya chai, mtu akiuliza tu, "Leo Filimbi karudisha mangapi?" basi vichwa vyote vinasogeleana kama kuku kwenye pumba. Tukitoka pale tunajisikia ndugu.

Silantoi alipokuja, majuma matatu ya kwanza alikula makande yake peke yake, amesimama karibu na bomba. Hatukumfukuza. Benchi lilikuwa limejaa, na hakuna aliyesogea.

Siku moja Magdalena alimrudishia mafungu matatu mfululizo. Saa ya chai Silantoi alipita mbele yetu akienda kusuuza kikombe, na bila kupanga, akasema, "Rudia, mwanangu. Hili lina ukungu." Haikuwa kuiga. Ilikuwa ni Magdalena mwenyewe, na kile kipumzi anachovuta kabla ya neno la mwisho. Niligeuka nikidhani yuko nyuma yangu. Halafu Namnyaki, jirani yangu mezani, akaanguka juu ya bega langu kwa kicheko, na chai ya Mama Allen ikammwagikia mapajani.

"We mtoto wa Sambasha!" Mama Allen alisema akijifuta machozi. "Ulikuwa umejificha wapi? Njoo ukae hapa."

Benchi likapata nafasi.

Tangu hapo Silantoi alikuwa wetu, na hapa ndipo pagumu kueleza, kwa sababu tulimpenda kweli. Mwezi wa saba binti yake Nashipai alishikwa na nimonia, na Frederick alikuwa Babati kwenye ujenzi. Mama Allen aliacha watoto wake nyumbani kwake Sokon One, akambeba Nashipai mgongoni hadi hospitali, akakaa naye wodini siku mbili ili Silantoi asikose kazi. Namnyaki alifua nguo zake. Mimi nilipeleka maziwa. Mtoto alipopona tulikwenda wote Sombetini tukaimba. Upendo ule haukuwa wa uongo hata kidogo. Ila ulikuwa na masharti, na sharti lake lilikuwa kwamba kila siku saa nne Silantoi awe Filimbi.

Mara moja alijaribu kukataa. Alisema koo linamuuma. Benchi likapoa. Dakika haikupita, mtu akaanza kumchokoza Namnyaki kuhusu mume wake, na wengine wakadakia. Silantoi aliona macho ya Namnyaki yanavyozunguka yakitafuta pa kutokea. Akasafisha koo, akawa Filimbi, na Namnyaki akapona.

Aliniambia baadaye, "Naisiae, siku ile ndipo nilipojua. Lazima awepo wa kuliwa. Nikikataa kumtoa yule, mtakula mmoja wetu."

Mwaka uliofuata, mwezi wa nne, mvua za masika zikiwa zimekaza, Magdalena alifiwa na mama yake. Akapewa ruhusa ya wiki moja kwenda kuzika. Muhuri wake aliuacha kwa msimamizi wa ukumbi, Kaanaeli, naye Kaanaeli akampa Mama Allen akaimu, bila kuandika popote.

Ungedhani tungefurahi, maana Filimbi hayupo na hakuna wa kurudisha mafungu. Lakini ile ilikuwa wiki mbaya kuliko zote. Tuligombana kwa ajili ya chumvi. Tuligombana kwa ajili ya makasi. Jumatano walimwandama Zuhura kuhusu anavyokula mpaka akaenda kulia chooni. Alhamisi Mama Allen akasema, "Silantoi, tafadhali, tuletee Filimbi. Tumechoka."

Siku ile alitunga kipya. Alijifunga kitambaa kama Magdalena, akanyanyua ua moja lililooza, akasema kwa sauti ile nyembamba, "Pitisheni tu, wanangu! Ulaya hawana macho? Ukungu nao ni ua la Mungu!"

Tulicheka mpaka tukaumwa mbavu. Hata Zuhura alicheka, na macho yake bado yamevimba tangu jana. Mama Allen alirekodi sauti tu kwenye simu yake akaituma kwenye kundi letu la Wasapu. Niliisikiliza tena jioni nikiwa napika.

Wiki tatu baadaye mzigo ulirudi. Nasema ulirudi, lakini maua hayarudi, yanatupwa huko huko na barua ndiyo inayorudi. Masanduku mengi yalikutwa na ukungu, na juu yake muhuri namba nne, muhuri wa Magdalena. Meneja, Bwana Firoz, alishuka ukumbini. Ni mtu wa familia ya zamani ya wafanyabiashara mjini, Kiswahili chake kinanyooka kuliko changu, na si mtu wa kupiga kelele. Alimuuliza Magdalena, naye akajibu kwamba wiki ile alikuwa msibani. Kaanaeli akaulizwa. Kaanaeli, ambaye hakuandika kitu kwenye daftari la makabidhiano, akasema hakumbuki vizuri ni siku zipi.

Kesho yake ile rekodi ilikuwa kwenye simu ya Kaanaeli. Nani aliituma, sitasema nilimwona. Wote tulijua.

Magdalena alisikilizishwa ofisini. Mwenzetu anayefagia kule alituambia alivyojibu: "Hiyo ni sauti yangu. Lakini mimi sijasema." Ukisikia mtu anajibu hivyo, utamwamini? Mtu anayekiri sauti na kukana maneno?

Jioni ile Mama Allen alituita nyuma ya ukumbi, penye rundo la majani yaliyotupwa. Hakuwa na ukali. Alikuwa amechoka, na nadhani alikuwa anaogopa kuliko sisi sote.

"Hapa hakuna aliyesikia, hakuna aliyesema," alisema. "Ule ulikuwa utani wetu wa ndani. Sisi ni kitu kimoja, si ndiyo?"

Tukaitikia ndiyo. Akamgeukia Silantoi.

"Nashipai hajambo?"

"Hajambo, Mama Allen."

"Haya. Mungu ni mwema."

Hilo tu. Nilitazama pembeni.

Silantoi alifika nyumbani akamkuta Frederick anaosha mwiko wake wa kujengea. Akamweleza yote, tangu siku ya bomba hadi rundo la majani. Frederick ni mtu wa maneno machache.

"Ukisema utafukuzwa," alisema.

"Najua."

"Na hao wenzio hawatakusalimia tena. Mama Allen alimbeba mtoto wetu."

"Najua, baba Nashipai. Ndiyo inayoniuma. Lakini nikinyamaza, nitakuwa nimemfukuza yule mama kwa mdomo wake mwenyewe. Atakwenda Akheri akijiuliza kama ana kichaa."

Frederick alikausha mwiko, akauweka. "Basi sema," alisema. "Mtoto tutamlisha."

Ijumaa asubuhi kazi ilisimamishwa. Meza zote sita tulikusanyika, watu karibu hamsini, na wakataji kutoka mabandani wakaja wakasimama mlangoni na mabuti yao yenye tope. Bwana Firoz alisimama mbele. Kando yake Magdalena, kitambaa kimefungwa vizuri, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili kama mtu anayesubiri basi la mbali. Kaanaeli aliunganisha simu kwenye spika.

"Pitisheni tu, wanangu! Ulaya hawana macho? Ukungu nao ni ua la Mungu!"

Watu wa meza nyingine walicheka. Magdalena alitazama sakafu.

"Nimeicheza hii ili kila mtu aelewe," Bwana Firoz alisema. "Shamba hili linakula kwa jina lake. Mkaguzi anayesema hivi hawezi kubaki. Kama kuna mwenye neno, aseme sasa."

Nilihisi Silantoi anapumua kando yangu. Mama Allen alikuwa upande wake wa pili, na niliona vidole vyake vimeshika ovaroli ya Silantoi kiunoni, kimekunjwa kitambaa chote kiganjani. Silantoi hakumwangalia. Alikishika kile kiganja, akakifungua taratibu, kidole kwa kidole, akakiachia. Halafu akatoka mbele.

"Sauti hiyo ni yangu," alisema.

Kicheko kikazuka upya. Sauti ya Silantoi ni nzito, ya kifuani. Bwana Firoz alikunja uso.

"Dada, hapa si mahali pa mchezo."

"Ndiyo maana nimekuja, bwana. Mchezo tuliufanya kule kwenye chai." Akamgeukia Magdalena, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama. Nisamehe kwa ninachotaka kufanya."

Magdalena hakuitikia.

Silantoi alifumba macho. "Pitisheni tu, wanangu! Ulaya hawana macho?"

Kaanaeli aliinama kuangalia simu, akidhani imeanza kucheza tena. Nilimwona Magdalena ananyanyua uso, polepole, na mkono wake mmoja ukaacha mkoba ukapanda hadi shingoni, pale penye kovu.

"Tena," Bwana Firoz alisema kwa sauti ya chini. "Sema kitu kingine."

Silantoi akasema, kwa sauti ile ile nyembamba, bila kubana pua, bila kuongeza chochote cha kuchekesha: "Rudia, mwanangu. Hili lina ukungu. Si kosa lako, ni mvua."

Hakuna aliyecheka. Nusu ya watu pale walifundishwa kazi na Magdalena, kila mmoja alishawahi kuambiwa maneno yale akiwa mgeni, vidole vinatoka damu kwa miiba. Mkataji mmoja mlangoni alivua kofia.

"Hayo ndiyo maneno yake, bwana," Silantoi alisema, sasa kwa sauti yake. "Muda wote niliokaa hapa, hayo tu ndiyo niliyoyasikia kwake. Yale mengine niliyatunga mimi, ili wenzangu wacheke."

"Wenzako ni akina nani?"

Angetaja jina langu, lingekuwa haki.

"Kila mtu ana mdomo wake, bwana," Silantoi alisema. "Mimi nimejibu kwa wangu."

Mashine ya chumba cha baridi ilikuwa inanguruma ukutani. Halafu Namnyaki akasema, "Mimi nilicheka." Zuhura akasema, "Na mimi." Wa tatu, wa nne. Ningependa kuandika kwamba nilikuwa wa pili kusema. Nilikuwa wa tano. Lakini nilisema.

Bwana Firoz alimtazama Kaanaeli. "Na muhuri? Wiki ya msiba muhuri alikuwa nao nani?"

Kaanaeli alijifuta jasho. "Nilimpa... nilimpa mtu wa Meza ya Nne."

Hakuna hata mmoja wetu aliyenyoosha kidole. Tulitazama mbele. Sikupanga kumlinda, na sidhani wengine walipanga. Ila tulikuwa tumechoka kumtoa mtu.

Mama Allen alijitokeza mwenyewe.

"Alinipa mimi," alisema. "Mvua ilikuwa nyingi, maua yalirundikana, nikagonga muhuri bila kufungua. Barua ilipokuja niliogopa. Rekodi niliituma mimi." Akageuka kumtazama Magdalena.

Wa kwanza kupiga kigelegele alitoka Meza ya Kwanza, sijui ni nani. Cha pili kilitoka kwa wakataji mlangoni. Kisha ukumbi mzima ukalipuka, watu wanapiga makofi na kugonga ndoo, na mama mmoja akamkimbilia Magdalena akamchukulia ule mkoba mikononi, akautundika kwenye msumari wake wa kila siku, kana kwamba anasema huendi popote. Kabla ya saa nne Magdalena alikuwa amesimama mahali pake, muhuri mkononi. Jumatatu Bwana Firoz alisoma barua ya kumwomba radhi, mbele ya watu wote, akaisoma mara mbili kwa sababu wakataji wa mabanda ya mbali walichelewa.

Kaanaeli alipewa onyo la maandishi. Mama Allen aliondolewa ukumbini akapelekwa mabandani kupalilia. Silantoi alisimamishwa wiki mbili, na hakulalamika.

Siku aliyorudi alikwenda moja kwa moja kwa Magdalena. Nilikuwa karibu, nilisikia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Magdalena hakunyanyua macho kwenye mafungu. "Umenirudishia kazi. Nashukuru. Heshima bado."

"Ndiyo, mama."

Ndivyo ilivyokuwa kwa miezi mitatu. Kila asubuhi shikamoo, kila asubuhi marahaba, basi. Silantoi hakuomba zaidi, wala hakuacha.

Na sisi kwenye benchi? Mwanzoni tulikunywa chai kama watu walio kwenye foleni ya zahanati. Saa nne ikifika hatujui tuanzie wapi. Nilidhani Meza ya Nne imekwisha. Siku ya sita au ya saba, Zuhura akaanza tu kueleza jinsi mama yake anavyokamua mafuta ya alizeti huko Singida, na kwa kuwa hatukuwa na lingine, tukamsikiliza. Kesho yake Namnyaki alieleza alivyotoroka shule. Nilikuwa nimefanya kazi na wanawake hawa miaka minne, na ilikuwa mara ya kwanza kujua kwamba mmoja wao amewahi kuzaa mapacha wakafa, na mwingine anajua kuendesha trekta. Wakati tulipokuwa tunacheka sana hatukuwa tunazungumza. Hilo nililiona kwa kuchelewa.

Asubuhi moja ya mwezi wa nane, baridi ya kukata masikio, Magdalena alikuja na chupa yake ya chai akasimama mbele ya benchi letu. Hakuwahi kufanya hivyo.

"Nani atanipisha?" aliuliza.

Tulinyanyuka wote kwa pamoja. Benchi, lililokuwa na mguu mmoja mbovu, likapinduka na vikombe vyote vikamwagika. Magdalena akaangalia fujo ile, akaanza kucheka, kicheko chembamba kinachopanda na kupanda mpaka kikapotea juu kabisa. Tulicheka naye. Silantoi alicheka huku machozi yanamtoka, na Magdalena akamkamata shavu kwa vidole viwili, kama anavyoshikwa mtoto mtundu, akalivuta kidogo.

"Wewe na mdomo wako," alisema.

Mwezi wa kumi na moja Mama Allen alirudishwa ukumbini. Alisimama mlangoni na ovaroli mpya, hajui aelekee meza gani. Silantoi ndiye aliyekwenda akamshika mkono. "Dada, shughuli ni nyingi huku," alimwambia. "Njoo." Nilijua anafikiri nini, ile safari ya hospitalini mwezi wa saba wa mwaka uliotangulia. Mama Allen alimwomba Magdalena msamaha siku ile ile, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, na Magdalena akampa kisu cha kutolea miiba akamwambia waanze kazi.

Halafu ukaja msimu wa Valentaini, ule wa kuamkia kazini na kulala kazini, wakati Ulaya nzima inataka waridi jekundu siku moja. Meza zote zilikuwa zinakimbia. Sisi tulikuwa na kitu ambacho hatukuwahi kuwa nacho. Fungu likiwa na wasiwasi, aliyelifunga alikuwa analipeleka mwenyewe kwa Magdalena kabla halijarudishwa. Zuhura aliimba, tukaitikia. Mama Allen alipanga mashina kwa kasi ambayo sijaiona kwa binadamu. Msimu ulipokwisha, Meza ya Nne ilikuwa imefunga maua mengi kuliko meza zote, na hakuna sanduku letu hata moja lililokataliwa. Bwana Firoz alituletea keki. Tulimlisha Magdalena kipande cha kwanza kama bibi harusi.

Mwezi wa tatu ulifika uchaguzi wa mwakilishi wa wafanyakazi. Silantoi hakugombea. Alitajwa na wakataji, wale wa mlangoni. Alisimama akasema hafai, watu wanajua alichofanya.

"Ndiyo, tunajua," Magdalena alijibu kutoka nyuma. Ukumbi ulinyamaza ili umsikie. "Nimeona watu wengi wakisema ukweli juu ya wengine. Huyu aliusema juu yake mwenyewe, mbele yangu, na kibarua chake kikiwa hatarini. Mimi namtaka akaseme kwa niaba yangu."

Mikono iliyonyooka ilikuwa mia mbili na kumi na tatu. Mama Allen alinyoosha miwili, ikabidi aambiwe ashushe mmoja.

Jambo la kwanza Silantoi alilolidai ni makoti. Wanaofanya kazi chumba cha baridi walikuwa wanaingia na sweta zao za nyumbani, wanatoka wanakohoa. Alikwenda ofisini mara ya kwanza akaambiwa subiri. Mara ya pili akaenda na Magdalena. Mara ya tatu akaenda na watu wote wa chumba cha baridi wakakaa kwenye ngazi wakikohoa, na hawakuwa wanaigiza. Mwishoni mwa mwezi wa nne makoti yakashuka kwenye gari: mazito, ya bluu, yenye pamba ndani na kofia.

Mei Mosi tulikusanyika mjini kwa ajili ya maandamano kuelekea uwanjani. Mvua ilikuwa imekatika siku mbili, jua limewaka, Mlima Meru umesimama wazi mpaka kileleni. Watu wa benki walikuwa na fulana nyepesi, walimu na kofia za karatasi. Wanawake wa shamba letu walishuka kwenye gari wamevaa makoti ya chumba cha baridi, vifungo vimefungwa mpaka shingoni.

"Nyie mnaumwa homa?" askari mmoja wa barabarani alituuliza.

"Hatuumwi," Silantoi alimjibu, jasho linamtiririka puani. "Tumeyapata juzi."

Alishika upande mmoja wa bango, Mama Allen akashika mwingine. Magdalena alikuwa katikati yao, kofia ya koti ameivuta kichwani, anatembea kama jemadari. Bendi ikaanza kupiga. Tulipokaribia jukwaa mtu akapendekeza tuyavue, tumeshaonekana vya kutosha, tutazimia. Tulimzomea kwa furaha, tukakaza vifungo, tukaingia uwanjani tukiwa tumelowa chapachapa, tunaimba.